Waya Uliopita Chini

Tangu siku ya mazishi ya Josia, Bartholomayo alikula kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka chini ya paja akaukalia, kama mtu anayemzuia kuku asitoke kikapuni.

Binti yake Kokuhirwa alipomwona mara ya kwanza alinyamaza, akidhani ameumia. Mara ya pili alisimama mbele yake na birika la kunawisha, asiondoke.

"Tata, lete mkono mwingine."

"Huu unatosha."

"Unatosha kwa nani? Jirani amepita hapo mlangoni amekuona. Watasema unakula kama mtu asiyelelewa."

"Waseme. Wameshasema mabaya kuliko hayo."

Kokuhirwa aliweka birika chini. Ndizi zilikuwa zinapoa, na maharage yalianza kufanya utando juu. "Mkono una nini?"

Mzee alitazama ukuta. "Kazi ileile nimeifanya miaka yote. Wenzo wa winchi ukiusukuma mbele, chombo kinapanda. Ukiuvuta nyuma, kinashuka. Naweza kuufanya nikiwa nimelala. Siku ile Josia alichomoa kabari, akaita 'Twende!' kama kawaida yake, nami nikasukuma mbele. Tishari likashuka, yeye akiwa nyuma yake. Nikaona linashuka. Nikasukuma zaidi, ili lipande. Kadiri lilivyoshuka, ndivyo nilivyosukuma. Nadhani nilisukuma mbele. Nadhani. Lakini mkono huu ndio uliokuwa pale, si mimi. Mimi nilikuwa nataka lipande."

"Kula, Tata."

Alikula kwa kushoto, na tonge likamwangukia kifuani. Kokuhirwa alijifanya anatafuta chumvi.

Nyumba za kijiji cha ujamaa zilipangwa mstari mmoja juu ya ghuba, chini ya Izigo, kila mlango ukitazama ziwa. Aliyezigawa alifuata majina ya wafanyakazi wa karakana ya vyombo, hakuuliza nani ni nani kwa nani. Ndiyo maana Bartholomayo, mwendesha winchi, alipewa nyumba iliyopakana na ya Apolinary, fundi mitambo, ambaye ndiye mume wa Kokuhirwa. Huko walikotoka, kila mtu kwenye kibanja chake, mkwe na mkwe waliheshimiana kwa mbali. Walionana kwenye pombe na kwenye msiba, wakasalimiana kwa kuinama, basi. Hapa walisikiana kukohoa ukutani, na mchana walihudumia mashine moja. Walipokuwa na neno la kuambiana, walimpa Kokuhirwa alipeleke. Hata akiwa amesimama katikati yao, maneno yalipita kwake kwanza.

Jioni ile alikuja Byarugaba, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi. Hakuingia. Kokuhirwa alimletea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama apewavyo mgeni yeyote, naye akazitazama kama zimeoza.

"Nimekuja kikazi," alisema. "Ndugu Bartholomayo, lete ufunguo wa karakana."

Mzee aliufungua kiunoni kwa mkono wa kushoto. Fundo lilikuwa gumu. Byarugaba alisubiri, mkono umenyooshwa, majirani wakitazama kutoka milango yao. Mwishowe Kokuhirwa alipiga magoti akalifungua fundo kwa meno.

"Kamati imekaa," Byarugaba aliendelea, kwa sauti ya kusikiwa na wengi. "Tishari lazima lipande litengenezwe mara olufu, haya matanga, ikiisha. Kahawa ya Nshamba na Buganguzi imejaa ghalani, na meli haifiki ufukweni; tishari hilo ndilo la kuipelekea mzigo. Apolinary ndiye atakayeendesha. Wewe utasubiri ofisa kutoka Bukoba. Tumeandika kwamba ulikuwa umekunywa."

"Sikunywa."

"Hebu pumua."

"Nini?"

"Pumua hapa, tunuse."

"Leo?" Kokuhirwa alidakia. "Mtu amekufa wiki iliyopita, mnanusa leo?"

"Wewe mwanamke, nazungumza na mzee."

Bartholomayo aliinuka, akamsogelea Byarugaba, akafungua mdomo akapumua. Ilikuwa harufu ya maharage. Byarugaba alikunja uso, akauweka ufunguo mfukoni.

"Hata hivyo," alisema, "ama umekunywa ama umechanganyikiwa. Mashine haikosei. Mafuta hayana akili ya kubadili mawazo."

Alipoondoka, Bartholomayo alirudi kukaa, akaukalia mkono wake.

*

Apolinary hakuwa akilala. Mkewe alijua kwa sababu godoro la nyasi linapiga kelele mtu akigeuka, na lilipiga kelele mfululizo. Akiamka alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa tena, ingawa tangu ajali hakuna aliyeruhusiwa kugusa winchi. Kijijini watu walikuwa wameanza kusema mambo. Mlinzi alisema ngoma ya winchi, lile pipa la chuma linalozungushiwa waya, husikika ikilia yenyewe upepo ukitoka ziwani. Apolinary aliposikia hayo aliondoka kilabuni bila kumaliza kibuyu cha rubisi.

Asubuhi ya Jumapili Kokuhirwa alimkuta nyuma ya nyumba akifunga spana kwenye kitambaa.

"Unaenda misa na spana?"

"Naenda kukagua winchi. Byarugaba amenipa ufunguo."

"Jumapili?"

"Kesho tunapandisha. Nataka iwe tayari."

"Mashine iliyoua mtu unaikagua peke yako, watu wakiwa kanisani." Alimziba njia. "Nimezaa na wewe watoto, Apolinary. Ukiwa na jambo, shingo yako inasimama hivyo. Sema."

Alijaribu kupita. Kokuhirwa hakusogea. Alikuwa mwanamke mwenye mabega, na njia kati ya migomba ilikuwa nyembamba.

"Ni mipira ya mafuta," alisema hatimaye.

"Imefanya nini?"

Apolinary alichuchumaa, akachora ardhini kwa ncha ya spana. "Injini inasukuma mafuta. Kuna mipira miwili. Mafuta yakiingia kwa huu, ngoma inazunguka hivi. Yakiingia kwa ule, inazunguka hivi. Ukiibadilisha mipira nafasi, kila kitu kinageuka: wenzo uleule, ngoma inakwenda upande wa pili. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Endelea."

"Ijumaa ile tulikuwa tunaweka waya mpya. Tishari lilikuwa nusu ya mteremko, limezuiwa na kabari. Tata ndiye aliyezungusha waya kwenye ngoma. Siku zote waya unatokea juu ya ngoma. Siku hiyo aliuanzia chini. Ukitokea chini, ngoma ikizunguka vilevile, badala ya kuvuta inaachia."

"Na hukumwambia."

"Josia alimwambia! Unamjua Josia. Alisimama katikati ya chelezo akapiga kelele, 'Mzee, huo waya mbona umepita mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku?' Vijana wote wakacheka. Tata akasema, 'Usinifundishe kazi, mtoto wa juzi. Waya uko sawa.' Sasa mimi mkwe wake niseme nini? Niseme, mbele ya wale vijana, kwamba mzee amekosea na amesema uongo?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa Kamachumu kwa shangazi yako."

Ilikuwa kweli.

"Basi nikafikiri," Apolinary aliendelea. "Waya uachwe ulivyo. Jioni, wote walipoondoka, nikaibadilisha mipira nafasi. Ngoma izunguke kinyume, waya utokee chini, na wenzo ubaki kama mkono wake ulivyozoea. Mbele kupanda, nyuma kushuka. Asingejua kitu. Nilimstahi, Kokuhirwa. Nilimfunika."

"Mbona tishari likashuka?"

Uso wake ulibadilika. Alitazama chini kuelekea ghubani, ambako paa la bati la karakana lilionekana kati ya migomba.

"Hapo ndipo nakosa usingizi. Tulipomtoa Josia, nikatazama ngoma. Waya ulikuwa unatokea juu." Aliinua mkono kuonyesha. "Juu. Ijumaa niliuona chini, kwa macho yangu haya, na Josia aliuona, na wote waliocheka waliuona. Jumatatu uko juu. Wengine hata hawakukumbuka kutazama. Nani ameugeuza? Mlinzi hakuona mtu. Naota ngoma inajizungusha yenyewe, inameza waya, na Josia yuko nyuma ya tishari anaita."

"Waya haujigeuzi."

"Najua haujigeuzi!"

"Na sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kurudisha mipira kama zamani. Waya uko juu, mipira irudi, winchi itafanya kazi vizuri."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Byarugaba atawasha mashine, ataona mbele ni mbele na nyuma ni nyuma, atasema mashine haikosei. Na Tata? Tata atakula kwa kushoto mpaka afe."

Apolinary aliifuta michoro yake kwa mguu. "Nikisema, watanifunga. Wewe na watoto mtakula nini?"

"Sijui tutakula nini. Wewe tangulia. Usiguse kitu mpaka nije."

*

Kumtoa mzee nyumbani haikuwa rahisi. Alisema hana kazi karakana. Alisema ufunguo umechukuliwa. Akasingizia magoti.

"Winchi ina ubovu," Kokuhirwa alimwambia. "Nataka uuone kabla hawajautengeneza."

Mzee akavaa koti lake la kanisani, ingawa hakuwa akienda kanisani, akamfuata.

Walishuka kwa njia ya migomba. Hakuna aliyekuwa akilima. Olufu ilikuwa bado, na jembe halipigwi ardhini mpaka matanga yaishe, kwa hiyo vibanja vilikuwa kimya kiasi kwamba majani makavu yalisikika yakikwaruzana. Wanawake waliotoka kuchota maji walisimama pembeni kuwapisha. Walimsalimu Kokuhirwa. Mzee hawakumsalimu.

Karakanani Apolinary alikuwa ameketi juu ya pipa, spana mapajani. Mbele yake winchi ilikaa juu ya msingi wake wa saruji. Chini yake chelezo, mteremko wa saruji wa kuvutia vyombo, kiliingia majini, na tishari lilikuwa pale lilipokwama, nusu ndani ya ziwa, limeinamia upande. Walikuwa wameuondoa waya kwenye tishari ili kumtoa Josia, na ndoano yake ililala kwenye saruji kavu. Kando ya maji mtu alikuwa amemwaga majivu kufunika damu, lakini mawimbi yalikuwa yameyala nusu.

Alipomwona mkwe wake, Apolinary aliinuka akainama. Mzee naye aliinama. Hawakusemezana.

"Washa," Kokuhirwa alimwambia mumewe.

Injini ya dizeli ilikohoa ikashika. Mzee alirudi nyuma hatua.

"Tata, sukuma wenzo."

"Sitaki."

"Hakuna kitu kwenye waya. Hakuna mtu nyuma yake. Nimesimama hapa unaniona."

"Kokuhirwa, niache."

Alimshika mkono wa kulia, uliokuwa umejificha ndani ya koti, akautoa. Akaupeleka mpaka kwenye wenzo, akaufunika kwa wake.

"Mbele," alisema. "Kama siku zote."

Bartholomayo alifumba macho akasukuma. Ngoma ililia, ikazunguka. Alipofumbua macho, waya ulikuwa unamwagika. Ulilegea, ukajikunja miguuni pa winchi, ukaanza kuteremka kuelekea majini wenyewe.

Aliuachia wenzo kana kwamba umemchoma. Kisha akaushika tena, safari hii mwenyewe. Akasukuma mbele: waya ukamwagika. Akavuta nyuma: ngoma ikala waya. Mbele. Nyuma. Mbele. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta kwa sababu hakutaka kuuondoa mkono pale.

"Ulikuwa sawa," alisema mzee. "Mkono ulikuwa sawa."

Apolinary alizima injini. Mzee aligeuka akaitazama mipira miwili ya mafuta, akaifuata kwa macho kutoka upande huu hadi ule. Hakuwa fundi, lakini alikuwa ameishi na mashine ile.

"Muulize mumeo," alimwambia Kokuhirwa, "nani amegusa mipira."

"Tata anauliza nani amegusa mipira."

"Mwambie Tata ni mimi. Mwambie waya ulikuwa umepita chini. Sikutaka achekwe tena."

Kokuhirwa aligeuka kwa baba yake kulirudia neno, akaona hahitaji. Mzee alikuwa amekaa chini, palepale juu ya saruji na koti lake la kanisani.

"Mwambie," alisema polepole, "Josia alisema kweli. Nilijua nimekosea kabla vijana hawajamaliza kucheka. Mwambie niliona aibu, hasa kwa kuwa yeye alikuwepo, mkwe wangu, mtu aliyesoma ufundi. Jumamosi, Byarugaba alipowaita wote, hata mlinzi, kwenye mkutano wa mbolea, mimi nikasema magoti yananiuma. Nikaja hapa, nikaachia ngoma, nikautoa waya wote kwa mikono, nikauzungusha upya. Ukatokea juu. Nikafuta mikono nikaenda nyumbani. Nilisema moyoni, Jumatatu watauona uko sawa, na Josia ataonekana mpumbavu."

Kokuhirwa hakumwambia mtu yeyote chochote. Wote wawili walikuwa wamesikia.

Wanaume wale walitazamana. Labda ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari. Mmoja alikuwa amegeuza mipira na mwingine amegeuza waya, kila mmoja peke yake, kila mmoja kwa kumkwepa mwenzake. Angefanya mmoja tu, Josia angekuwa hai, anapiga kelele huko chini.

"Inukeni," Kokuhirwa alisema. "Tunakwenda kwa Alistidia."

*

Alistidia, mjane wa Josia, alikuwa ameketi kwenye nyasi za matanga pamoja na wanawake wa ukoo. Byarugaba naye alikuwa pale, amekuja kutoa salamu za kamati, ameketi kwenye kiti pekee. Kokuhirwa alipiga magoti akasalimu. Wanaume walibaki mlangoni.

"Wana neno," alisema.

Byarugaba aliinuka. "Mambo ya kazi yatazungumzwa ofisini."

"Kaa, waitu," alisema Alistidia kwa adabu. "Aliyekufa ni wangu, si wa ofisi."

Bartholomayo alisema sehemu yake. Apolinary alisema yake. Hakuna aliyempa Kokuhirwa maneno ayapeleke. Mzee alichanganya siku, mkwewe akamsahihisha mbele ya watu wote, "Ilikuwa Jumamosi, Tata," na mzee akasema, "Jumamosi, ndiyo." Byarugaba alianza kuuliza habari ya spana na ruhusa, kisha akaona hakuna anayemsikiliza, akanyamaza.

Alistidia alisikiliza akivunjavunja unyasi. Walipomaliza, aliutupa.

"Nyumba zenu zinapakana," alisema.

"Zinapakana," alijibu Bartholomayo.

"Mnasikiana mkikohoa."

"Tunasikiana."

"Na hamkuambiana."

Mwanamke mmoja alianza kulia, Alistidia akamwashiria anyamaze.

"Josia alikuwa na domo," alisema. "Mnajua wote. Kanisani, kilabuni, hapa ndani. Kila kitu alichokiona alikitangaza. Nilimgombeza kila siku. Nilimwambia, Josia, funga mdomo, heshimu wakubwa. Ijumaa ile alirudi akaniambia habari ya waya, anacheka. Nikamwambia, umemwaibisha mzee wa watu. Ukirudi kazini usiseme tena kitu. Na Jumatatu aliondoka hapa amenisikiliza; waya umegeuka, hakutangaza."

Alivuta kikapu cha kahawa kilichokuwa kando yake. Akamsogezea Kokuhirwa, naye akachukua punje. Kisha Alistidia akakiweka nyuma yake, mbali na mlango waliposimama wanaume.

"Siku mtakayolipandisha tishari," aliwaambia wanaume, "mniite."

*

Ofisa kutoka Bukoba alikuwa bado hajafika, na kahawa haikuweza kumngoja. Byarugaba aliandika upya aliyoyaandika, safari hii bila neno pombe, akaamuru mipira irudishwe mahali pake mbele ya kamati nzima. Habari ya nani atafungwa aliiachia Bukoba. Alimtaka Apolinary aendeshe, lakini Apolinary alikataa kushika wenzo. Hakuna mwingine aliyejua. Mzee alirudi.

Siku hiyo watu walijaa juu ya chelezo kama wamekuja kuangalia mechi. Kijana mwingine alikuwa nyuma ya tishari na kabari, mbali kuliko ilivyohitajika. Bartholomayo alishika wenzo kwa mkono wa kulia. Apolinary alisimama kando ya ngoma, anautazama waya.

"Waya uko wapi?" mzee aliita.

"Juu, Tata!"

"Mipira?"

"Iko mahali pake, Tata!"

"Mbele ni kupandisha?"

"Mbele ni kupandisha!"

Baadhi ya vijana walicheka, mkwe na mkwe kupigiana kelele kama wauza samaki. Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu mzee hakusukuma. Injini ilinguruma. Kijana mwenye kabari alichomoa ya mwisho akaruka pembeni bila kusema kitu. Waya ulikaza ukashika uzito. Mkono wa Bartholomayo ulibaki palepale. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio kuelekea majini, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kila mtu alielewa anasubiri nini. Hakuna aliyethubutu kuutoa wito wa Josia.

Alistidia alikuwa amesimama juu, chini ya migomba, jembe begani. Olufu ilikuwa imeisha asubuhi ile.

"Twende!" aliita.

Ilikuwa sauti ya hasira, na ilifika mpaka majini. Mzee alishtuka, akasukuma mbele. Waya ulilia juu ya ngoma.

Alistidia alikuwa ameshageuka. Alikwenda kibanjani kwake kulima, bila kutazama nyuma kuona kama tishari lilikuwa linapanda au linashuka.